Umeme Ukizimika, Karani Asilipishwe



Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki Lodwar. Nilikwenda kwa basi kumwona ndugu yangu karani, nikamkuta amekatwa mshahara. Kosa lake nini? Umeme ulizimika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua. Mkubwa wake akasema, "Ilikuwa mikononi mwako, lipa."

Je, karani ndiye mwenye umeme? Bwawa la Turkwel lilianza kazi mwaka 1991, megawati 106, lakini nyaya zake zilivutwa kusini hadi Lessos. Lodwar ikaachiwa mashine za dizeli miaka mingi. Kakuma wengi hutegemea jenereta za watu binafsi. Mkubwa anajua haya yote. Basi anunue betri ya akiba, ile UPS, karani apate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine. Relini hatumpi dereva gari lisilo na breki, kisha tukamlipisha ajali!

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Umeme kuzimika ni makusudi ya nani?

Nasi tutimize wajibu wetu: umeme ukizimika, chomoa waya ukutani, ukirudi, ngoja utulie ndipo uwashe. Lakini ukiambiwa ulipe, usitie sahihi. Leta karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wa chama. Mmoja akinyamaza, kesho tutakatwa sote.