Mwanamke Aliyeketi Peke Yake

Zamani Kiswahili kilikuwa na baa moja tu, nalo lilikuwa janga: baa la njaa, baa la nzige, baa la ndui. Baadaye Kiingereza kikatuletea baa ya pili, ile yenye kaunta, chupa na muziki, na tangu hapo wenye hamu ya kuhubiri hawajaacha kuyafungamanisha maneno hayo mawili. Mwanafunzi makini wa sarufi atajibu kwamba ngeli ndiyo inayoyatenga. Lile ni baa la, hii ni baa ya. Ninayotaka kuizungumzia leo ni hii ya pili, hususan iliyomo katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi tuliyozoea kuiita Eastlands. Na zaidi ya baa yenyewe, nataka kumzungumzia mtu anayeingia humo kwa mara ya kwanza, hajui mtu, hana mwenzi, amevutwa na udadisi tu.

Mtu huyo akiwa mwanamume, lugha humpokea vizuri. Kwanza huwa mgeni. Akinunua kinywaji huwa bosi, akizungumza kwa busara huwa mzee hata kama umri wake ni miaka thelathini, na kabla ya saa nne za usiku amekwisha kubandikwa jina la utani kutokana na kofia yake au timu ya kandanda anayoishabikia. Akirudi juma lifuatalo ataitwa kwa jina hilo tangu mlangoni. Akiwa mwanamke, lugha huanza kutapatapa. Yako majina ya heshima kwa mwanamke aliyemo katika baa, lakini yote yanadai awe na kazi humo au awe na mtu. Anayehudumu ni dada au sista. Mwenye leseni ni madam. Anayepima chang'aa vichochoroni ni Mama Pima, na jina hilo limebeba adabu yote ya neno mama. Aliyekuja na mumewe ni shemeji. Ila yule aliyejiendea, akaketi, akaagiza soda au bia kwa fedha zake mwenyewe na kuwatazama watu, huyo hana jina lisilomtia doa.

Upungufu huu una historia, nayo imehifadhiwa na Kiswahili cha Nairobi chenyewe. Mwanahistoria Luise White, ambaye kitabu chake kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni kilitoka mwaka wa 1990, aliwahoji wanawake wazee waliokuwa wameishi Pangani na Pumwani. Kutoka vinywani mwao alipata majina matatu. Waliotembea barabarani kutafuta wateja waliitwa watembezi. Waliongoja vyumbani mwao, wakamwandalia mteja chai, chakula na maji ya kuoga, hao ndio walioitwa malaya. Na walioketi nje ya milango yao na kutaja bei bila kificho wakaitwa wazi-wazi. Baadhi ya wanawake hao walijenga na kumiliki nyumba katika mji ambao haukutaka Mwafrika amiliki chochote, na kwa hilo wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini tazama, msomaji, majina yao yalitokana na nini. Kutembea, kungoja, kuketi. Je, mwanamke wa mjini alibakishiwa mkao gani usiokuwa na bei? Mtembezi wa kiume, kwa upande wake, mpaka leo ni mtu anayepunga upepo.

Serikali ya mji nayo iliongeza mkono wake. Tangu miaka ya 1920 ilijitwalia ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wake kule Pumwani, na mapato yake yakagharimia huduma za Waafrika hao hao. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani alikamatwa na kutozwa faini. Mitaa mingi ya kwanza ilijengwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa kiume aliyeacha mke shambani, ambaye siku moja angerudi alikotoka. Kwa hivyo chumba kilikuwa cha mwanamume, mshahara ulikuwa wa mwanamume, na mahali pa kunywea pia. Sisi tumerithi mpango huo tukadhani ni mila zetu.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha jinsi inavyosemwa, si jinsi inavyotakiwa isemwe, nimelazimika kwa miaka kadhaa kwenda inakosemwa. David Parkin aliyafanya hayo kabla yetu: uchunguzi wake wa lugha katika mtaa wa Kaloleni, uliochapishwa mwaka wa 1974, bado unasomwa. Nami pia nimekwenda Kaloleni, na Jericho, na Maringo, na Buruburu, na Umoja, na Kayole, mara nyingine nikiwa na wenzangu lakini aghalabu peke yangu. Peke yangu ndiko kunakofaa. Wasomi wanne wakiingia mahali pamoja huunda meza yao, huzungumza mambo ya chuo, na hutoka na yale yale waliyoingia nayo. Aliye peke yake hana budi kusema na jirani.

Wala baa hizi si za namna moja. Buruburu ilianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye mishahara na mikopo ya nyumba, na mpaka leo baa zake zina wateja wanaopenda kuketi nje, nyama ikichomwa, wakabishana siasa kwa Kiingereza kinachogeuka Kiswahili kadiri chupa zinavyoongezeka. Kaloleni ni mtaa wa miaka ya 1940. Humo mzee anaweza kukuonyesha kiti alichokalia babake, nawe ukikikalia kabla ya kuonyeshwa utajua kwa jinsi watu watakavyonyamaza. Kayole ni changa na ina haraka. Huko mtu hunywa keg akiwa amesimama, kaunta imezungushiwa vyuma, na fedha hupitishwa katika tundu kabla ya kikombe kutoka. Muziki nao hutangaza walio wengi: hapa rumba ya Kongo, pale benga, mlango wa tatu ohangla. Lakini meza yenye Wajaluo wawili, Mkamba, Mkikuyu na Mluhya huzungumza Kiswahili, hata kama ni kile ambacho kingeniumiza kichwa lau ningekisahihisha.

Nimejifunza pia sarufi ya kuingia. Ni vyema kufika saa kumi na moja jioni, saa ambayo sheria ya mwaka wa 2010 inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi, kungali na mwanga. Watu waliokuona ukiingia mchana hukutunza usiku. Mgeni huketi karibu na kaunta, si pembeni, maana mhudumu ndiye mwenyeji wake. Huagiza kitu cha chupa na huomba chupa ifunguliwe mbele yake. Hulipa papo hapo. Hujua mapema atarudi kwa matatu gani, na matatu ya mwisho ya nambari 58 isimpite akiwa katikati ya hadithi. Salamu ndiyo ngumu zaidi. Ukisema "hamjambo" utajibiwa kwa kicheko, na kwa umri wangu nikisema "niaje" kicheko huzidi. Mimi hutumia "habari za jioni", ambayo haimkeri mtu. Kisha Kiswahili changu hunisaliti, na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama mimi ni mwalimu au ni mtu wa Mombasa. Kuna dhana ya tatu, kwamba huenda mimi ni karao, lakini hiyo hunong'onwa tu.

Mpaka hapo yote niliyoyaeleza yangeweza kuandikwa na mwenzangu wa kiume. Sasa nitaeleza ambayo asingeyaandika. Katika baa moja ambayo haina haja ya kutajwa, bawabu aliniuliza, "Madam, uko na nani?" Nilipomjibu kwamba nimekuja peke yangu, alisema kwa upole kabisa kwamba wanawake wasio na wenzao hawaingii baada ya saa mbili za usiku, kwa usalama wa wateja. Nimelitafakari sana neno hilo wateja. Nilikuwa na fedha, nilikuwa na kiu, na bado sikuwa mteja. Nilikuwa kitu ambacho wateja hulindwa nacho. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 27, inasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, hata katika nyanja za kijamii, na kifungu cha 39 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea. Sikumsomea bawabu vifungu. Hakuitunga yeye amri ile.

Kwa insafu niseme kwamba amri hiyo haikutoka hewani. Nairobi inaogopa mchele, jina la mitaani la dawa ya usingizi inayotiwa katika kinywaji cha mwanamume ili aibiwe, na wako wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo. Wengine huiita pishori, kana kwamba hata wizi una haja ya mchele wa Mwea. Wanaume wameamka bila simu na fedha, na wengine hawakuamka kabisa. Ila natazama jinsi hofu hii inavyogawanywa. Mwanamume mmoja anapomtilia mwanamke dawa, na jambo hilo hutokea, hakuna mlango unaofungiwa wanaume wote waliokuja peke yao. Kosa la mwanamke huwa la jinsia yake, ilhali kosa la mwanamume huwa lake mwenyewe. Na wanaolipa gharama ni wengi: muuguzi wa zamu aliyetaka kupumzisha miguu, mwalimu aliyetaka kusikiliza bendi, mwanafunzi wangu mwenye kinasa sauti.

Gharama hiyo si ya kinywaji tu. Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Mawili kati ya mauaji yaliyosikika sana mwezi huo yalitendeka Nairobi katika nyumba za kukodi kwa siku, ndani ya milango iliyofungwa. Hata hivyo swali lililoulizwa kila mahali, katika matatu, redioni na, naona haya kusema, katika chumba cha walimu, lilikuwa moja: alienda kutafuta nini huko? Hilo ndilo swali la bawabu, ila safari hii linaulizwa juu ya maiti. Na mtu anayeulizwa swali hilo angali hai hujifunza kutomwambia yeyote aendako. Mama hajui, mwenzake wa chumbani hajui, mhudumu wa kaunta hamjui kwa jina. Usalama wa baa, kwa jinsi nilivyouona Eastlands, hutokana na kujuana. Amri inayomfukuza mwanamke kutoka mahali penye watu na taa humpeleka pasipo na vyote viwili.

Walimu wenzangu, nasi tumo. Nimesahihisha insha za Kiswahili kwa miaka mingi, na naweza kuitabiri kabla ya kufungua ukurasa. Msichana anashawishiwa na marafiki kwenda kwenye baa au disko. Aya ya tatu anakunywa, aya ya nne anazirai, na aya ya mwisho amepata mimba au maradhi au amefariki, na methali ya asiyesikia la mkuu inafunga kaburi. Mvulana wa insha hiyo hiyo hupoteza karo, hulia, hurejea nyumbani akasamehewa. Watoto hawa hawakuyazua hayo. Tuliwafundisha sisi, tukawapa alama nyingi kwa "mtiririko mzuri na matumizi ya methali". Mwanafunzi aliyeandika hadithi hiyo mara ishirini katika maisha yake ya shule atamuuliza nani, akisikia msichana ameuawa, swali jingine?

Najua barua zitakazokuja. Zitasema mhadhiri anawaalika vijana kulewa. Sheria inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na inakataza baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shule. Sina ugomvi na sheria hiyo, ugomvi wangu ni na wasioitekeleza. Wala sisahau kwamba Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na kwamba maafa ya namna hiyo yamejirudia. Ndiyo maana nikasema kitu cha chupa, na mimi mwenyewe mara nyingi chupa hiyo huwa ya soda. Ninachokidai ni kidogo sana: kwamba mtu mzima aliyeketi penye watu asikilize muziki na mazungumzo asihesabiwe kuwa anauza au anaiba kwa sababu tu hakuja na mwanamume.

Muhula huu wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wana kazi ya nyanjani. Wanakusanya salamu na majina anayoitwa mgeni katika baa, vibanda vya chai na vinyozi vya Eastlands. Wasichana wanne waliomba wabadilishiwe kazi, na hakuna mvulana aliyeomba. Nilizungumza na hao wanne, tukakubaliana waende wawili wawili, mchana, na wanitumie ujumbe wakifika na wakiondoka. Orodha zimeanza kurudi. Iliyo ndefu zaidi hadi sasa ina majina kumi na tisa ya mgeni wa kiume. Katika safu ya mgeni wa kike aliyekuja peke yake yako manne, na matatu kati ya hayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.