Bibi harusi unayehamia Singida, usichague maua kwa kasi yake tu

Msimu wa harusi ukifika, maswali hayaishii kwenye hina na nguo. Wanaoolewa bara huuliza pia: ni maua gani ya kutambaa yanayokua haraka, yafunike ua wa nyumba mpya? Leo tunamjibu bibi harusi anayehamia Singida. Jibu letu: kasi isiwe jambo la kwanza. La kwanza ni maji.

Kutaka ua uliofunikwa si anasa. Ni stara. Mwanamke anahitaji pahali pa kuanika nguo na kupumzika bila buibui wala macho ya wapita njia. Lakini stara ya majani inakunywa. Sisi Unguja tuna masika na vuli. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa wastani milimita 600 hadi 800 kwa mwaka; huku kwetu tunapata kama mara mbili yake. Kinachofuata ni miezi ya kiangazi na upepo mkali. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pale mjini, ila maji yake yana chumvi, hayafai kumwagilia.

Kwa hiyo mmea unaokua mbio kwa kunywa sana utadai ndoo kila jioni ifikapo Septemba. Na anayebeba ndoo hiyo mara nyingi ni mwanamke, au binti wa kazi. Urembo wa namna hiyo ni israfu, na unamwonea mwingine.

Tunashauri kupanda kwa hatua mbili. Mvua zikishika, otesha dodoki au ngwara kwenye uzio. Yote mawili hutambaa haraka na kufunika ndani ya msimu. Dodoki hutoa maua ya njano. Tunda changa hupikwa, na lililokomaa likakauka ndilo dodoki la kuogea. Ngwara huchanua zambarau au nyeupe, na maharage yake huliwa yakichemshwa vizuri.

Wakati huohuo, pembeni yake, chomeka vipando vya bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini ikishashika mizizi huvumilia ukame kuliko maua mengi. Tena ukiimwagilia kupita kiasi hutoa majani mengi na rangi kidogo. Izungushie matawi ya miiba ikiwa changa, mbuzi wasiimalize, na ipe nguzo imara kwa ajili ya upepo. Ina miiba yake, kwa hiyo ikae mbali na kamba ya nguo na wanapochezea watoto. Alamanda, kwa uzuri wake wote, iache: ina sumu, na nyumba ya bibi harusi inshaallah itapata watoto.

Na asumini? Tunajua hutaki kuondoka bila kikuba. Chukua, lakini mche mmoja, kwenye chungu kikubwa karibu na pa kutawadhia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni chini ya lita. Tuseme sisi tunatumia lita nzima. Watu wanne, mara tano kwa siku, ni lita 20, yaani ndoo nzima. Yakinge kwa beseni, umwagilie asumini jioni, na yanayobaki yapate vile vipando vya bogenvilia.

Wapo watakaosema tunambania bibi harusi furaha yake, na kwamba maua ni maua, yapandwe yanayopendeza. Sisi tunaona ua unaokauka Agosti haumfurahishi mtu, na ua unaonyweshwa maji ya kupikia unaleta ugomvi ndani ya nyumba changa. Hadithi mashuhuri inatufundisha kwamba anachopanda Muislamu, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Dodoki na ngwara zinaingia humo bila shida.

Basi unapofunga mizigo, tia mbegu za dodoki na za ngwara. Mwaka wa kwanza zitakusitiri hizo, huku bogenvilia ikijijenga. Mungu aibariki ndoa yako na uani kwako.