Shimo fupi halihitaji bwawa

KUTOKA BRUSSELS
Na Athumani Mwakio

Jumamosi iliyopita nilizamisha mipira mitatu ndani ya bwawa moja. Ni uwanja wa gofu wa kulipia, nje kidogo ya jiji, na jina lake nitalisitiri. Shimo lenyewe lina mita 270 tu. Mbele ya grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye kitundu, wamechimba bwawa kama handaki la ngome, kushoto wameweka banka mbili za mchanga, kulia miti. Nilikuwa na mzee wa Lubumbashi ambaye ujanani alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji. Yeye alichomoa fimbo ya wastani, mimi nikachomoa draiva, fimbo ya kupigia mbali. "Mutoto yangu," akaniambia, "kwanza angalia fasi utasimama, kiisha piga."

Sikuangalia, na kosa ni langu. Lakini hasira ilipopoa nikaanza kulihoji shimo badala ya mkono wangu. Lile shimo linamuuliza mchezaji swali moja tu: ubavu unao, huna? Mwenye nao anavuka maji. Asiye nao anapiga mpaka ukingoni, kisha anavusha, na wiki ijayo atafanya vivyo hivyo, kutoka pale pale, kwa fimbo ile ile. Hakuna cha kufikiri.

Kwa wasiocheza: shimo la mikwaju minne ni lile ambalo mchezaji mzuri hutarajiwa kufika grini kwa mikwaju miwili, kisha kusukuma mpira mara mbili hadi utumbukie. Kwa wanaume, mwongozo wa handikapu unaotumika dunia nzima unaanzia yadi 240, yaani kama mita 220, na kufika yadi 490. Nne fupi ni zile za upande wa chini, ambazo mpigaji hodari anaweza kufika grini kwa mkwaju mmoja, au karibu sana. Mwanamume wa kawaida wa mwisho wa wiki hupiga draiva yake kiasi cha mita 200 na wanawake wengi hupungukiwa na hapo. Kwa hiyo ni shimo pekee ambalo bingwa na mchovu wanaweza kusimama pamoja mwanzoni, kila mmoja akiwa na tumaini la haki.

Mjini Brussels ufupi wa shimo si jambo la starehe tu, ni la ardhi. Gofu ya huku ilianzia kwa wakubwa. Klabu ya Ravenstein, kule Tervuren, ilianzishwa mwaka 1906 kwa matakwa ya Mfalme Leopold II, aliyetaka wafanyabiashara wa Kiingereza wasikose pa kuchezea. Ni yule yule ambaye Kongo ilikuwa bado mali yake binafsi, na ni Tervuren ile ile lilipo jumba la makumbusho ya Afrika. Wakubwa hao walipewa nafasi ya kutosha. Raia wa kawaida amebaki na vipande. Kimoja kiko ukingoni mwa msitu wa Soignes, kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi wa Boitsfort: mashimo 9 pale zilipokuwa zikivuma kwato. Upande huu msitu unaolindwa, upande ule barabara na nyumba. Huwezi kuurefusha uwanja wa namna hiyo hata ukipewa fedha. Utacheza na ufupi, upende usipende.

Na hapo ndipo wasimamizi wa viwanja vya umma wanapopotoka. Wakiona shimo fupi wanaona aibu, kama mtu aliyekaribisha wageni kwa chai kavu, basi wanaliongezea maji, mchanga na miti ili lionekane gumu. Televisheni nayo imechangia. Thomas Detry, mzaliwa wa jiji hili, alipokuwa Mbelgiji wa kwanza kushinda shindano la PGA Tour, Februari 2025, alishindia kwenye uwanja wa TPC Scottsdale, ambako shimo la 17 lina yadi 332 na maji pembeni. Tazama raha ile! Watu huifurahia kwa haki. Ila wale wanaolipwa kucheza wana mipira ya bure, na nyuma yao hakuna familia inayosubiri zamu.

Mfano wangu mimi uko Uskochi. Uwanja wa kale wa St Andrews ni wa umma. Jumapili unafungwa na watu wa mji wanatembeza mbwa. Shimo lake la mwisho, la 18, lina yadi 356. Halina banka hata moja wala bwawa, maji yake ni kijito tu karibu na mwanzo wa shimo, na njia yake ni pana kiasi kwamba inaungana na ya shimo la kwanza, huku barabara ya kawaida ikiikata katikati. Mbele ya grini kuna bonyeo tu la nyasi, waliloliita Bonde la Dhambi. Mwaka 1970 Doug Sanders alihitaji mikwaju minne hapo awe bingwa wa shindano la The Open. Akakosa kusukuma mpira usiofika hata mita moja, akamaliza kwa mitano, na kesho yake Jack Nicklaus akamshinda. Mwaka 1995, kwenye shindano lile lile, Costantino Rocca aliharibu pigo fupi kabisa, mpira ukajikokota ndani ya bonde lile. Alianguka kifudifudi kwa furaha aliposukuma uliofuata kutoka humo humo, ukapanda mteremko wote na kuingia. John Daly alimshinda kwenye mashimo ya ziada, lakini nani anakumbuka?

Bonyeo la nyasi, basi. Mtoto wa miaka 10 analivuka kwa kuuviringisha mpira, na bingwa analiogopa.

Anayetaka somo kali zaidi aangalie shimo la 10 la Riviera, Los Angeles, kazi ya George Thomas ya miaka ya 1920: yadi 315, ardhi karibu tambarare. Siri iko kwenye grini, nyembamba na imekaa mshazari. Ukitokea kushoto, inakupokea kwa urefu wake. Ukitokea kulia, unapiga kuelekea kitu chembamba kama ubao wa kukatia nyama. Kwa hiyo swali linaanza kwenye mkwaju wa kwanza: si umbali gani, bali upande upi. Riviera ni klabu ya matajiri na ina banka tele, hizo nawaachia. Mshazari wa grini hauhitaji utajiri.

Banka ndiyo inayokula fedha. Mchanga unataka kusawazishwa kwa reki, kuongezwa, kukaushwa baada ya mvua, na mvua ya Brussels haina msimu. Bwawa linakula mipira ya wanaoanza, halafu wanaoanza hawarudi. Vyote viwili vinaleta foleni, maana kundi zima linasimama kumsubiri mtu mmoja. Nakiri nne fupi ina foleni yake ya asili: kila mwanamume huamini leo ndiyo siku atakayofika, basi anasubiri grini iwe wazi, kisha anapiga mita 180 kichakani. Dawa ya hilo sijaiona, labda kicheko cha wenzake.

Nayaandika haya nikifikiria Nairobi, ambako ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong nako kuna gofu ya kulipa na kucheza, imebanwa na njia ya farasi kama hii ya Boitsfort. Ndugu mlio kwenye kamati za viwanja, huko na Dar es Salaam: kabla hamjaita tingatinga lichimbe bwawa, mpeni fundi wa nyasi msimu mmoja. Mwambieni akate nyasi fupi kabisa upande mmoja wa grini, aache ndefu upande wa pili, na kibendera akihamishe kila wiki. Halafu kaeni mwanzoni mwa shimo mhesabu ni wachezaji wangapi wanabadilisha fimbo mkononi kabla ya kupiga.

Mzee wa Lubumbashi siku ile alimaliza kwa mikwaju minne. Yangu mimi sikuiandika.