Usingizi wa Mtoto na Ukuta wa Bafu



Mzazi mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba mwanawe wa miaka 8 husinzia darasani, na shuleni ameshaitwa mvivu. Nilipowatembelea nilikuta kitanda cha mtoto kimeegemea ukuta wa bafu. Baba hurejea kutoka zamu ya usiku saa kumi, akaoga. Mama huamka alfajiri kutia udhu. Mtoto husikia yote.

Katika nyumba nyingi za hapa Uingereza, vyumba hutengwa kwa mbao nyembamba za jasi zenye uwazi katikati. Ukuta wa namna hiyo hutetema kama ngozi ya ngoma. Nao watoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12.

Mpangaji haruhusiwi kubomoa, lakini kupanga anaruhusiwa. Hamisheni kitanda hadi ukuta wa mbali. Mahali pake wekeni kabati lililojaa nguo, kwani uzito ndio uzuiao sauti. Trei za mayai hazifui dafu. Zibeni upenyo ulio chini ya mlango wa mtoto, ila ule wa bafu uacheni, feni ipate hewa. Bomba likigonga, mwandikieni mwenye nyumba.

Wazazi wale walihamisha kitanda jioni ile ile. Imebaki barua kwa mwalimu, ili jina la uvivu limwondokee mtoto. Nimeahidi kuwasaidia kuiandika.