Umepata nafasi Israeli? Shamba liko wapi?

Wadau, hapa Kasulu kijana akipata mafunzo ya kilimo Israeli, mtaa mzima unajua. Hongera zake. Jangwa la Arava halipati hata milimita 50 za mvua kwa mwaka, lakini linauza pilipili hoho Ulaya kwa umwagiliaji wa matone. Sisi wenye mvua nyanya zinatuozea (hilo siku nyingine).

Ila mimi nauliza shamba liko wapi. Clemence Mtenga, miaka 22, kijana wa SUA, alifika Nir Oz, jirani kabisa na Gaza, Septemba 2023. Oktoba 7 akauawa. Mwenzake Joshua Mollel, 21, naye aliuawa siku hiyo; mwili wake ulirudishwa Novemba 2025.

Wanaopeleka vijana waandike kwenye mkataba, kwa Kiswahili, jina la shamba na umbali wake kutoka mpakani. Mzazi asome kabla mtoto hajapanda basi.