Usiulize saa kama ulilala vizuri

Siku hizi salamu za asubuhi za vijana mjini zimegeuka. Zamani ilikuwa, “Umeamkaje?” Sasa ni, “Ulipata ngapi?” Na si mtihani, ni usingizi. Saa mahiri ikishampa mtu alama 62 kwa 100, siku imeharibika hata kabla hajapiga mswaki. Aliamka akiwa fiti kabisa, lakini baada ya kuona hiyo 62 macho yanaanza kuwa mazito.

Mimi ninayo saa kama hiyo na siitupi. Shida ni kwamba tunakodolea macho nambari za kukisia, zile za maana tunaziruka.

Hebu tuelewane inavyofanya kazi. Mwanga wa kijani chini ya saa humulika ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo, na kidude kingine ndani hupima unavyosogea. Kutokana na hayo, programu inakisia: hapa usingizi mwepesi, hapa mzito, hapa alikuwa anaota. Hospitalini, wataalamu wakitaka kujua hayo hubandika waya kichwani, karibu na macho na kidevuni, wasome umeme wa ubongo. Saa iko mkononi, itaujulia wapi ubongo? Ndiyo maana ukilala kimya ukiwaza kodi ya nyumba, inaweza kuandika kwamba ulikuwa fofofo.

Kwa hivyo “dakika 48 za usingizi mzito” si ripoti ya daktari. Hata kugutuka mara kadhaa usiku ni kawaida. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katikati mtu huamka kidogo bila hata kukumbuka.

Wasiwasi huu una jina. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliohangaikia usingizi kamili kwa sababu ya vifaa hivi, wakauita othosomnia. Ajabu ni kwamba hofu ya kukosa usingizi ndiyo huufukuza.

Basi tusome nini? Tazama mambo mawili, tena kwa wiki mbili, si usiku mmoja: unalala na kuamka wakati gani, na jumla ni saa ngapi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukiona Jumatatu hadi Ijumaa unalala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, kisha Jumamosi unalala hadi adhuhuri, hilo ni deni, na halihitaji alama. Na kama unakoroma sana au unashtuka ukikosa pumzi, nenda kwa daktari hata kama saa imekupa 90.

Lakini kuna jambo linaloniudhi zaidi. Alama hufanya usingizi uonekane kama kosa lako binafsi. Kijana anayeishi Rongai na kuripoti kazini tao saa moja asubuhi hakosi usingizi kwa uvivu. Anayefanya kazi za mtandaoni za wateja wa Marekani, ambao mchana wao ni usiku wetu, pia si mzembe. Saa haitaleta Rongai karibu na tao. Inachoweza ni kukuonyesha unapotoroshwa na TikTok na unapobanwa na kazi. La kwanza ni lako kurekebisha. La pili, usijilaumu. Tumia rekodi hiyo ukimwomba bosi akubadilishie zamu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Saa ililala nawe kitandani, sikatai, lakini kunguni walikuuma wewe. Kesho ukifungua macho, uulize mwili kwanza umeamkaje. Mkono utautazama baadaye.