Soda inasingiziwa, bigijii inapita
Na Rukia Mbwana

Tangu Julai 2023, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilipoiweka aspatamu, kikoleza utamu kinachotumika badala ya sukari, katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, soda isiyo na sukari imekuwa na maadui kila baraza. Habari hiyo ilikuwa na nusu ya pili. Siku ileile, wataalamu wa viungo vya chakula waliacha kiwango cha juu kinachokubalika palepale kilipokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kumaliza makopo 9 hadi 14 kwa siku ndipo akivuke. Anayeweza hayo, basi saratani si shida yake ya kwanza.

Wapo wanaoapa kwamba aspatamu inawaumiza kichwa na tumbo. Uingereza iliwachukulia kwa uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 48 wa aina hiyo walipewa vitafunio, vingine vikiwa nayo, vingine bila, na hakuna aliyejua ala kipi. Malalamiko hayakutofautiana. Sisemi wanajidekeza. Tumbo linauma kweli, ila mshtakiwa huenda siye.

Mimi ningemtazama sorbitoli, kikoleza utamu kingine. Huyu hukaa kwenye bigijii na pipi zisizo na sukari, hata kwenye baadhi ya dawa za maji, na mama huishia kulaumu dawa yenyewe mtoto akiharisha. Utumbo mwembamba huifyonza kwa shida. Inayobaki huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huichachua, na hapo ndipo gesi na mbio za chooni zinapoanza. Wenye matumbo mepesi huumizwa na kiasi kidogo tu. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin walieleza habari za wagonjwa wawili walioharisha kwa miezi na kupimwa kila kitu. Mmoja alipungua kilo 11, mwingine 22. Walikuwa watafunaji wakubwa wa bigijii ya sorbitoli. Walipoacha, wakapona.

Ulaya, chakula kilichoongezwa vikoleza utamu vya aina hii kupita asilimia 10 lazima kiandikwe kwamba kikizidi kinaharisha. Kwetu bigijii inauzwa moja moja kutoka kwenye kopo la mangi, na maandishi yanabaki kwa mangi.

Aspatamu nayo ina watu wake wa kuogopa kweli: waliozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa adimu ambao mwili hushindwa kuivunja fenilalanini, na aspatamu inayo. Kwingine kichanga hutobolewa kisigino kupimwa siku za mwanzo. Kwetu si kawaida. Onyo lipo kwenye kopo, kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafutia miwani. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inayosimamia chakula tangu 2019, ingeanzia hapo: Kiswahili, na herufi zinazosomeka.

Kwa sasa, anayejaa gesi bila sababu ageuze pakiti atafute E420, E421, E965 na E967, namba za sorbitoli na jamaa zake. Aviache vyote kwa wiki mbili, kisha avirudishe kimoja kimoja. Sorbitoli ikiwa kwenye dawa, asiikatishe; amuulize mfamasia kama kuna vidonge. Na mwenye kisukari asirudishe vijiko vitatu kwenye chai kwa sababu ya kichwa cha habari.